Fangasi Kwenye Mkojo wa Mtoto Njiti Si UTI ya Kawaida

Arusha ya leo, ukiingia zahanati na homa, kiuno kinauma au tumbo la chini linakata, ni nadra kutoka bila kuambiwa una UTI. Kikopo cha mkojo, nusu saa kwenye benchi, karatasi yenye alama za kujumlisha, kisha bahasha ya vidonge. Wapo walioambiwa hivyo mara nyingi hadi sasa wanaingia kwa daktari na jibu lao mkononi: "Dokta, mimi nina UTI sugu." Leo sina ugomvi na zahanati hizo, ingawa siku moja nitakuwa nao. Kinachonisumbua ni kwamba tumezoea kuuona mkojo kama habari ndogo, na mazoea hayo hayaishii mlangoni mwa zahanati. Yanafika hadi wodi ya watoto njiti, ambako mkojo unaweza kuwa ndiyo habari kubwa kuliko zote zilizomo kwenye faili.

Mchukulie mtoto aliyezaliwa wiki ya 28, gramu 950. Ana wiki tatu duniani. Ameshapewa antibayotiki za aina mbili, ya tatu imeanza juzi. Jana alikuwa anapokea maziwa ya mama kwa mpira, mililita chache kila baada ya saa tatu. Leo tumbo limejaa na maziwa yanarudi. Usiku amesitisha kupumua mara kadhaa, muuguzi akamshtua kwa kumsugua mgongo. Sukari imepanda bila sababu ya wazi, chembe zinazogandisha damu zimeshuka. Hana homa. Pengine mwili umepoa badala ya kuchemka. Mkojo unapelekwa maabara kuoteshwa, yaani kutunzwa hadi wadudu waliomo waote na kuonekana, na jibu linarudi: wameota fangasi jamii ya hamira, wanaoitwa kandida.

Hapo ndipo njia mbili hutengana. Ya kwanza ni kusema, "Ah, fangasi kidogo, sampuli imechafuka," na kuendelea na antibiotiki. Ya pili ni kusimamisha shughuli nyingine na kumtibu mtoto huyu kana kwamba fangasi wameonekana kwenye damu yake. Mimi niko upande wa pili, na nitaeleza kwa nini naona mjadala wetu kuhusu dawa ipi ni bora umetangulizwa kabla ya wakati wake.

Kwa mtu mzima, wadudu wa mkojo kwa kawaida hupanda kutoka nje: wanaingia kwenye mrija, wanafika kibofuni, na mara chache wanafika figo. Kwa njiti mara nyingi safari ni ya kinyume. Fangasi wanaoishi kwenye ngozi yake au utumbo wake wanapenya ndani ya damu, kupitia ukuta wa utumbo ambao haujakomaa au kupitia mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa, na damu inawapeleka kwenye figo. Figo zinawanasa, wanazaliana humo, kisha wanaonekana kwenye mkojo. Kwa hiyo unapowaona mkojoni, swali la kujiuliza ni wamepita wapi hadi wakafika hapo, na wameacha nini kwenye macho, ubongo na ini walipokuwa njiani.

Mtu atasema: basi tuoteshe damu, jibu likiwa safi tupumue. Tatizo ni kwamba kuotesha damu hukosa takriban nusu ya maambukizi haya ya ndani. Kwa mtoto mwenye damu kidogo kiasi hicho, mililita moja tu ndiyo unayothubutu kuchukua, na fangasi wanaweza wasiwemo kwenye hiyo moja. Damu safi haimwondolei mtoto tuhuma.

Takwimu zinazonishawishi zaidi zimetoka Marekani, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliowafuatilia watoto 1,515 waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1,000. Watoto 137 walithibitika kuwa na kandida kwenye sehemu za mwili ambazo hazipaswi kuwa na mdudu yeyote. 96 kwenye damu, 52 kwenye mkojo, baadhi kwenye zote mbili. Kati ya waliopata maambukizi hayo, asilimia 34 walifariki, dhidi ya asilimia 14 ya ambao hawakuyapata. Na jambo ambalo ningependa libandikwe ukutani kwenye kila wodi: waliokutwa na fangasi kwenye mkojo peke yake walifariki kwa kiwango kinachokaribiana sana na waliokutwa nao kwenye damu peke yake, takriban robo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani wa mwaka 2016 uko wazi juu ya hili: mtoto mchanga wa chini ya gramu 1,500 mwenye kandida kwenye mkojo atibiwe kama mwenye kandida kwenye damu, hata kama haonyeshi dalili, na apimwe maji ya uti wa mgongo na macho.

Lakini hoja yote hiyo inasimama juu ya neno moja dogo: sampuli iliyochukuliwa vizuri. Mfuko wa plastiki unaobandikwa kwenye ngozi ya mtoto ili kukinga mkojo ni rahisi, haumuumizi, na kwa suala hili hautufai. Ngozi ya eneo lile kwa mtoto anayevaa nepi ndiyo makazi yenyewe ya fangasi. Mfuko ukitoa fangasi, hujui umepima mkojo au umepima nepi. Sampuli inayoaminika ni ya mpira mwembamba ulioingizwa kwa usafi kamili, au ya sindano inayopitishwa juu ya kinena moja kwa moja hadi kibofuni, ikiwezekana kwa kuangaliwa na altrasaundi. Wazazi wengi wakisikia "sindano kwenye kibofu" wanashtuka, na sishangai. Ila ni tendo la sekunde chache, na linamwepusha mtoto na mojawapo ya makosa mawili: kupewa dawa kali asiyoihitaji, au kunyimwa anayoihitaji kwa sababu jibu lilidharauliwa.

Upande wa maabara nako kuna la kusema. Jibu la "fangasi wameonekana" bila kutaja ni aina gani ni nusu ya jibu. Kuitambua Candida albicans hakuhitaji mashine ya mamilioni: unachanganya fangasi hao na seramu, unaweka kwenye joto la nyuzi 37, baada ya saa mbili hadi tatu unaangalia kwa hadubini kama wameota vimirija. Wakiota, karibu umeshajua unapambana na nani, na dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli ina nafasi nzuri. Wasipoota, tahadhari: Candida krusei ina usugu wa asili dhidi ya flukonazoli, Candida glabrata huivumilia, na Candida auris, ambayo majirani zetu wa Kenya wameshaikuta hospitalini, mara nyingi haisikii dawa hiyo kabisa. Kutoka Nairobi hadi Arusha ni barabara ya lami ya saa chache kupitia Namanga. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, Oktoba 2022, liliziweka Candida albicans na Candida auris zote mbili kwenye kundi la juu kabisa.

Mkoa wa Kilimanjaro unajua vizuri thamani ya kupima kabla ya kuamua. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali mbili za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwaangalia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu, asilimia 60.7, walikuwa wameandikiwa malaria. Waliothibitika kuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Ni matokeo yaliyosomwa dunia nzima, yametoka hapa hapa chini ya mlima, na yalipatikana kwa sababu kuna watu waliokaa na sampuli wakazipima maabara. Sioni kwa nini nidhamu hiyo iishie kwa wagonjwa wakubwa.

Sasa dawa. Nitataja dozi ili ukubwa wa tatizo la vipimo uonekane. Si za mtu kwenda kujaribia nyumbani.

Dawa ya msingi ni amfoterisini B ya kawaida, ile ya zamani, miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku. Kichupa chake kina miligramu 50. Mtoto wetu wa gramu 950 anahitaji miligramu 0.95, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya kichupa. Lazima ichanganywe na maji ya sukari ya asilimia 5, kamwe si ya chumvi, kwa sababu kwenye chumvi dawa inagandamana na kuharibika. Ikishachanganywa hadi kiwango kinachofaa mshipa mdogo, inafika kama mililita tisa na nusu, zinazopitishwa polepole kwa saa kadhaa. Figo na potasiamu lazima vipimwe mara kwa mara. Watoto wachanga huivumilia vizuri kuliko watu wazima, jambo ambalo daktari anayeikumbuka kwa jinsi inavyowatetemesha wagonjwa wa wodi ya wakubwa huona tabu kuliamini.

Na hapa kuna kitendawili ambacho sijakisikia kikijadiliwa vya kutosha huku kaskazini. Amfoterisini haiji nchini kwa ajili ya watoto njiti. Inakuja zaidi kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanaopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Mtoto mchanga anapata lifti tu kwenye gari la watu wazima. Mwaka 2022, baada ya utafiti mkubwa uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wagonjwa hao dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina nyingine, iliyofungwa ndani ya mafuta. Ni maendeleo makubwa kwao, siyapingi hata kidogo. Lakini aina hiyo ya mafuta haiingii vizuri kwenye figo na mkojo. Ndiyo maana mwongozo wa 2016 unaitaja kwa watoto wachanga kama mbadala wa kutumiwa kwa uangalifu, hasa pale njia ya mkojo inapohusika. Kadiri mipango ya ununuzi inavyoihama ile ya zamani, dawa iliyo bora kwa mgonjwa mkubwa inaiondoa rafuni dawa iliyo bora kwa figo ya mtoto mdogo, na hakuna mtu aliyekusudia hivyo.

Bohari ya Dawa ina kanda yake Moshi. Ombi la vichupa vichache vya aina ya zamani kwa ajili ya wodi za watoto wachanga za mikoa hii ni dogo sana kwenye bajeti, tena dogo kiasi cha kupotea kwenye jedwali la makadirio. Lazima mtu aliandike, na mwandikaji huyo ni mfamasia wa hospitali aliyekaa meza moja na daktari wa watoto.

Ikikosekana, flukonazoli si dawa ya kuonea aibu. Takriban asilimia 80 yake hutoka kwenye mkojo ikiwa haijabadilika, kwa hiyo inafika pale pale tunapoitaka. Dozi ni miligramu 12 kwa kilo kwa siku, na wataalamu wengi hutanguliza dozi ya kwanza ya miligramu 25 kwa kilo ili dawa ifike kiwango mapema. Chupa ya dripu ina miligramu 200 ndani ya mililita 100. Mtoto wetu atachukua kama mililita 6, kiasi ambacho lazima kikatwe kwenye hesabu ya maji yake ya siku. Kwa njia ya mdomo inafyonzwa vizuri sana, mradi tumbo linafanya kazi. Kwa mtoto ambaye maziwa yanarudi, dripu ndiyo mwanzo. Kapsuli ya miligramu 150 inayouzwa kila duka la dawa la Kaloleni na Majengo isifunguliwe ikagawanywa kwa kukisia. Unga wa kapsuli hiyo una dozi za siku kumi na tatu za mtoto huyu.

Matone ya nistatini yanaponya utando mweupe wa mdomoni. Hayaponyi mkojo. Dawa hiyo haifyonzwi kutoka utumboni, haifiki kwenye damu wala figo. Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu "tumpe matone ya fangasi" ni sentensi inayomtuliza mama na kumwacha mtoto alivyo. Zile dawa mpya za jamii ya mikafungini nazo, ambazo ni ghali na sifa zake ni nzuri kwenye damu, hufika kwenye mkojo kwa kiasi kidogo mno.

Dawa yoyote itakayochaguliwa haitafanya kazi peke yake. Mpira wa mshipa mkubwa utolewe ikiwezekana, na wa mkojo pia kama upo. Fangasi hujenga utando juu ya plastiki na kujificha humo. Figo zipigwe altrasaundi, kwa sababu wakati mwingine fangasi hujikusanya wakawa donge linaloziba njia ya mkojo, na donge likiziba, kazi inakuwa pia ya daktari wa upasuaji. Mkojo na damu vioteshwe tena hadi viwe safi, na dawa iendelee kwa takriban wiki mbili kuanzia pale vilipokuwa safi. Wanaohesabu wiki mbili tangu dozi ya kwanza wanajidanganya.

Wiki hizo zina gharama ambayo haipo kwenye dawa. Siku ya Mei Mosi 2024, sherehe za kitaifa zilipofanyika hapa Arusha, serikali ilitangaza kwamba mama mwajiriwa aliyejifungua njiti ataongezewa muda wa likizo. Hatua nzuri. Mama anayeuza mboga Soko la Kilombero au anayevuna kahawa Kibosho hana likizo ya kuongezewa. Kwa sera, mtoto wake anatibiwa bure kwenye hospitali ya umma. Kwa hali halisi, dawa ikikosekana hospitalini baba yake anapewa karatasi aende mjini kutafuta. Familia inapoomba ruhusa siku ya sita kwa kuwa "mtoto sasa ananyonya", tusiharakishe kuwaita wakaidi.

Limebaki suala la kinga, na hapa najua nitapingwa. Mwaka 2001 utafiti wa watoto 100 wenye uzito chini ya gramu 1,000 ulionyesha flukonazoli ya kinga ikishusha maambukizi ya ndani kutoka asilimia 20 hadi sifuri. Tangu hapo imekuwa ikisifiwa sana. Mwaka 2014 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa watoto 361 wa chini ya gramu 750: maambukizi yalishuka kutoka asilimia 9 hadi 3, lakini tofauti haikuonekana pale vifo na maambukizi vilipojumlishwa pamoja. Mwongozo wa 2016 unasema kinga hiyo itumike kwa watoto wa chini ya gramu 1,000 kwenye wodi ambazo kiwango cha maambukizi kinazidi asilimia 10.

Madaktari vijana ninaozungumza nao wanataka kuanza mara moja, kwa kila njiti mdogo. Naelewa haraka yao, ila naiona hatari. Dawa ya kinga ikiwa flukonazoli, basi mtoto atakayeugua licha ya kinga hiyo hatakiwi kutibiwa kwa flukonazoli. Atahitaji amfoterisini ya kawaida, ile ile ambayo upatikanaji wake ndio unaotuumiza kichwa. Hospitali ya nchi tajiri inaweza kuitumia flukonazoli kama kinga kwa sababu ina silaha nyingine kabatini. Kwetu, kwa sasa, ningeiacha flukonazoli ibaki tiba, na kwa kinga ningetumia nistatini ya mdomo, ambayo mwongozo huo huo unaikubali kama mbadala. Pale inaposhindwa kutibu mkojo, ndipo udhaifu wake unapogeuka faida: kwa kuwa inabaki utumboni, inapunguza fangasi katika ghala lao bila kugusa dawa tunayoihifadhi.

Kinga iliyo bora zaidi ya zote mbili ni kupunguza antibiotiki za jamii ya seftriaksoni na wenzake, zinazofagia bakteria wa kawaida wa utumbo na kuwaachia fangasi uwanja. Siwalaumu wanaoziandika. Ampisilini na jentamisini, ambazo ndizo za kuanzia, zinakutana na bakteria sugu aina ya Klebsiella, na daktari wa zamu ya usiku hatasubiri mtoto azimike ili kulinda kanuni. Ila ikishafika saa 48, damu imetoka safi na mtoto ametulia, kuzisimamisha ni uamuzi wa kitabibu kama ulivyokuwa uamuzi wa kuzianza, na ndio tunaouahirisha zaidi. Maziwa ya mama mapema, mtoto kifuani kwa mtindo wa kangaruu, mipira ya mishipa kutolewa siku isipohitajika tena: haya hayana ubishi, nayapita.

Kile kiwango cha asilimia 10 kinatufikisha mahali pamoja na wanaonipinga. Hatuwezi kujua kama wodi ya Arusha au ya Moshi imekivuka, kwa sababu anayepima mkojo kwa mfuko hahesabiki na asiyeotesha hahesabu. Hospitali za mikoa hii miwili zinaweza kuanza na daftari moja lenye safu chache: uzito wa kuzaliwa, siku ya maisha, njia iliyotumika kuchukua mkojo, aina ya fangasi, dawa aliyopewa, na kilichompata mtoto. Wodi inayopokea watoto 40 wa chini ya gramu 1,000 kwa mwaka, ikiandika wawili, iendelee na nistatini na kupunguza antibiotiki. Ikiandika sita au saba, nitakaa upande mmoja na madaktari vijana, mradi vichupa vya amfoterisini ya kawaida viwe vimefika kwanza.